Shemeji anaona stetasi zangu ila jina lake halitokei

Swali: Nauza madera kwa stetasi ya WhatsApp. Kuna shemeji yangu kila nikiposti anajua, mpaka bei anazitaja, ila nikibonyeza kile kijicho kuangalia nani kaona, wengine wote wapo yeye hayupo hata siku moja. Anapitia wapi? Na nikimficha atajua?

Jibu: Dada, uwezekano mkubwa huyo kazima tiki za bluu tu, basi. Mtu akizizima, jina lake halitokei tena kwenye stetasi za wenzie, ila na yeye anakosa kuona nani katazama za kwake, kwa hiyo siyo bure. Mpime hivi, mtumie meseji ya kawaida, akishakujibu angalia zile tiki mbili, kama bado za kijivu wakati jibu lishaingia basi ndo hivyo kazima. Usimpimie kwenye grupu la familia maana kule tiki zinaonekana hata kwa aliyezima.

Kumficha ni rahisi na WhatsApp haimpelekei taarifa yoyote. Nenda Setingi, Faragha, Stetasi, chagua ile ya kontakti zote isipokuwa, halafu mweke tiki. Usichague ile ya kushea na wachache tu, kwa mfanyabiashara ile ni hasara, kila mteja mpya ukimsevu itabidi ukamwongeze mwenyewe, ukisahau haoni mzigo na wewe unabaki kushangaa mbona haulizi bei. Na ufanye kabla hujaposti, zile zilizokwisha kupanda mabadiliko hayazigusi, ataendelea kuziona mpaka yaishe masaa 24, labda uzifute upandishe upya.

Halafu, shemeji ana laini ngapi? Watu wengi wanaficha namba moja, kumbe ile ya pili nayo imeseviwa "Shem 2" na ina WhatsApp yake, inaona kila kitu. Ficha zote.

Ukiambiwa upakue zile WhatsApp za kuchakachua ili umnase, achana nazo, namba inaweza kufungiwa na wateja wako wote wako humo humo.

Ukishafanya yote hayo na bei bado anazijua, basi kuna mtu anampa simu aangalie au anampigia skrinshoti, hapo hakuna setingi, ongea na mumeo kwanza.