Uliza Fundi: Waifai haifiki chumba cha nyuma

SWALI

Mwanangu fundi, hujambo na kazi? Nakaa nyumba ya mawe hapa Mji Mkongwe, Bagamoyo. Chini kuna sebule, ukumbi na vyumba vitatu. Juu kuna vyumba viwili ninavyopangisha wageni. Nimeingiza faiba, na ruta wameifunga sebuleni karibu na mlango wa mbele. Barazani intaneti inakimbia vizuri, lakini mjukuu wangu anayesoma TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa, hapati kitu chumbani kwake nyuma, na wageni wa juu hawaishi kunigongea mlango. Kijana wa dukani anasema ninunue meshi, vifaa vitatu, nikiweke kimoja ndani ya kila chumba chenye shida. Bei yake si ndogo. Vitafanya kazi? Na spidi itaongezeka?

Bibi wa Mji Mkongwe

JIBU

Shikamoo bibi. Meshi itakufaa, ila usiviweke vifaa pale alipokuelekeza kijana huyo. Na spidi haitaongezeka. Kama unalipia megabiti 20, hata ukijaza nyumba vifaa, zinazoingia ni zilezile 20. Kazi ya meshi ni kuzifikisha mbali.

Shida yako iko ukutani. Nyumba hizo zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake nyingi zina unene wa nusu mita hivi. Ruta yako inarusha mawimbi ya namna mbili. Ya gigahezi 5 yana spidi kubwa lakini yakikutana na ukuta kama huo yanakufa hapohapo. Ya gigahezi 2.4 yanajitahidi kupenya, ila ni ya polepole, na yanagombania nafasi na waifai za majirani, bluetooth na hata maikrowevu. Masika ukuta ukinyonya maji hali huwa mbaya zaidi, maana maji hula mawimbi hayo.

Sasa meshi yenyewe. Kifaa cha kwanza huungwa na ruta ya faiba, vingine hupokea kutoka kwake na kurusha mbele, vyote kwa jina moja la waifai na nywila moja, simu ihame yenyewe unapotembea ndani. Ni kama watu waliojipanga mstari wakipokezana ndoo za maji: wa mwisho hawezi kupata maji zaidi ya anayopewa na aliye mbele yake. Ukikiweka kifaa ndani ya chumba cha mjukuu, ambako mawimbi hayafiki, kitakuwa na njaa kama simu yake. Taa itawaka, simu itaonyesha waifai imejaa, na ukurasa hautafunguka. Hapo ndipo watu wengi hudhani wameuziwa kitu kibovu.

Fanya hivi kabla hujatoa hata shilingi. Mwambie mjukuu ashike simu, asimame karibu na ruta, apime spidi. Kisha atembee taratibu kuelekea nyuma, apime ukumbini, apime mlangoni pake, apime ndani. Ataona mahali inapoporomoka, na nina hakika ni hatua moja tu baada ya kuuvuka ukuta. Kifaa cha pili mahali pake ni kabla ya hapo: ukumbini, juu ya kabati au rafu, kikitazamana na mlango wa sebule upande mmoja na mlango wa mjukuu upande mwingine. Katika nyumba ya mawe mawimbi hupita milangoni na kwenye ngazi, na hata mlango wa mbao ukiwa umefungwa unayapitisha kuliko ukuta. Usikifiche nyuma ya friji, kioo kikubwa wala simtanki.

Huko juu, bibi, nakushauri waya. Vifaa vikipokezana hewani kwa redio ileile (kile kipande cha ndani kinachorusha na kupokea mawimbi), spidi hupungua karibu nusu kila vinapopokezana. Zipo seti zenye redio ya tatu kwa ajili ya kazi hiyo peke yake, lakini ni ghali, na ukuta wa matumbawe hauziogopi. Waya wa mtandao, ule wa Cat 6 au hata Cat 5e, unabeba spidi yote hadi mita 100, na nyumba yako haifiki huko. Upitishwe ngazini, pembeni ya fremu za milango, mbali na nyaya za umeme.

Hapa naomba unisikilize vizuri. Usikubali fundi atoboe ukuta. Nyumba za Mji Mkongwe ni urithi, na kabla ya kugusa ukuta ni vyema kuwauliza watu wa Mambo ya Kale. Fundi akishatoboa huziba kwa saruji, na saruji juu ya chokaa hufungia unyevu ndani. Waya wa intaneti utang'olewa miaka michache ijayo. Ukuta uliowahifadhi wazee wetu haupaswi kulipia hilo. Dirisha lipo, ngazi ipo.

Waya nao uukague dukani. Chukua ncha, kwangua uzi mmoja kwa wembe. Ukibaki mwekundu hadi ndani, ni shaba, lipa. Ukitokea weupe wa fedha, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, mrudishie. Hewa ya chumvi ya hapa kwetu inaimaliza mapema, kichwa cha waya kinaanza kuota kutu na intaneti inakuwa ya kukatikakatika bila sababu unayoiona.

Kwa hiyo nunua seti ya viwili, si vitatu, kama duka litakuruhusu kuongeza baadaye. Chomeka waya kutoka ruta ya faiba hadi kifaa cha kwanza, fungua programu yake kwenye simu, fuata maelekezo. Kifaa cha pili kiunganishe kikiwa sebuleni hapohapo, kikikubali ndipo ukihamishe. Kisha ingia kwenye mpangilio uchague hali ya akses pointi, yaani meshi irushe waifai tu na ruta ya faiba ibaki kugawa anwani za mtandao, la sivyo utakuwa na ruta mbili zote zinagawa anwani, na printa au kamera zitapotezana na simu. Zima waifai ya ruta ya zamani. Mwisho, washa mtandao wa wageni wenye nywila yake, wapangaji watumie huo, wa nyumbani ubaki wenu.

Anza na kifaa cha sebuleni na cha ukumbini, cha juu ukiongeze baadaye. Kifaa cha juu ukikifunga karibu na kichwa cha ngazi, vyumba vyote viwili vya wageni vinaweza kupona kwa kimoja.

SWALI

Kaka fundi, mimi niko Magomeni ya Bagamoyo, nyumba ya tofali na bati, vyumba vitatu. Natumia ruta ya laini ya simu. Intaneti nzito nyumba nzima, hata nikiwa karibu nayo. Na mimi ninunue meshi? Halafu umeme ukikatika kila kitu kinazima.

Msomaji, Magomeni

JIBU

Usinunue, ndugu yangu. Kama hata karibu na ruta ni nzito, tatizo ni kati ya ruta na mnara. Ihamishe dirishani, upande ulipo mnara, juu kadiri uwezavyo, upime asubuhi na usiku. Asubuhi ikiwa nyepesi na usiku nzito, mnara una watu wengi, jaribu laini ya mtandao mwingine kabla ya kununua chochote.

Kuhusu umeme, vipo vibetri vya ruta madukani. Soma nyuma ya adapta yako: ikiwa imeandikwa volti 12, betri nayo itoe volti 12, na ampea zake zisiwe chini ya zilizoandikwa hapo.