Maswali yenu ya Krismasi na watoto wadogo: mti, zawadi, na yule babu wa ndevu nyeupe

Maswali ya mwezi huu yamekuja mengi jamani, na karibu yote ni ya wenye watoto chini ya miaka saba, kwahiyo leo najibu haya tu, mengine tutayafikia.

Mwanangu ana mwaka na miezi mitano, kila nikipamba mti anabomoa. Nisipambe tu mwaka huu?

Pamba, ila pamba kwa akili. Vitu vya kioo na vinavyovunjika vyote vikae juu asikofika, chini weka vitambaa, karatasi ngumu, vitu vya mbao vikubwa ambavyo hata akivitia mdomoni haviingii kooni. Mtoto wa umri huo habomoi kwa ukorofi, umemletea mti sebuleni una vitu vinang'aa usawa wa macho yake, we ulitegemea aangalie tu? Wa kwangu wa kwanza aliung'ata mpira wa kioo akidhani tunda. Mi nilikuwa jikoni nikasikia kitu kimelia krach, kufika nakuta amekaa chini kaduwaa, mdomo wazi, vipande viko juu ya ulimi. Nikavitoa kimoja kimoja kwa kidole huku namwambia asifunge mdomo, namshukuru Mungu hakumeza wala hakukatika, lakini miguu yangu ilitetemeka mpaka jioni. Tangu siku hiyo kwangu kioo hakishuki chini ya bega langu.

Mti wenyewe ufunge kwa kamba ukutani au kwenye nondo ya dirisha, maana siku akiamua kuupanda hatakutaarifu. Kama ni mti halisi wa kukatwa uwekee maji kila siku, ukikauka unashika moto haraka mno, na mishumaa isisogee hapo kabisa. Taa za LED ni nafuu kuliko vile vibalbu vya zamani kwasababu hazichemki sana, ila hata hizo zima mkienda kulala.

Binti yangu ana miaka 3, ni mjukuu wa kwanza, kila ndugu analeta zawadi. Mwaka jana alifungua 4 akaanza kulia. Ana shida gani?

Hana shida mama, alichoka. Hebu fikiria we mwenyewe, unapewa kitu, ndo kwanza unaanza kukielewa, mtu anakunyang'anya anakwambia fungua na hiki, fungua na hiki, huku watu kumi wanakurekodi na simu. Hata mimi ningelia.

Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Toledo kule Marekani, ulitoka 2018, waliwaweka watoto wadogo kwenye chumba chenye midoli 4 na siku nyingine midoli 16, ikaonekana kwenye midoli 4 watoto walikaa na kila mdoli muda mrefu zaidi na wakabuni njia nyingi zaidi za kuuchezea. Kwahiyo siku yenyewe mpe mbili tatu, zilizobaki weka juu ya kabati uzitoe moja moja wiki zinazofuata. Ndugu watanuna? Wapigie mapema, waambie zawadi yako ataifungua siku yake peke yake na nitakutumia video, utashangaa wanavyofurahi. Na akifungua akaamua kucheza na karatasi ya kufungia muache na karatasi yake, kesho atauona mdoli.

Mwanangu wa miaka minne anaulizaga kila asubuhi "ni leo?" kuanzia tarehe 1. Nimechoka!

Pole. Mtoto wa miaka minne ukimwambia bado siku 20 ni kama umemwambia bado siku elfu. Tengeneza mnyororo wa vipande vya karatasi, kipande kimoja kwa siku moja, kila jioni akate kimoja kwa mkono wake, akiuliza mwambie nenda kahesabu. Atauliza tena, siwezi kukudanganya, ila atakuwa anaongea na mnyororo badala ya wewe.

Mjomba wake ametuma mdoli unaoimba, una betri ndogo za duara. Ni salama?

Hapa sitanii, naomba msome taratibu. Zile betri bapa kama kifungo mtoto akimeza ikakwama kwenye koo la chakula inaanza kuunguza nyama ya ndani, na ndani ya saa 2 tu inaweza kuleta madhara makubwa sana. Sio kwasababu imevuja, hapana, hata iliyochoka isiyowasha tena kitu bado ina umeme wa kutosha kuunguza. Kwahiyo angalia mlango wa betri, kama haufungwi kwa skrubu, unafunguka kwa kucha tu, huo mdoli usimpe, mjomba atasamehe. Na sio midoli peke yake, angalia kadi za Krismasi zinazoimba ukizifungua, mishumaa ya betri, rimoti za zile taa za mti, vyote hivyo mara nyingi vina betri za aina hiyo na hakuna anayezikumbuka.

Ukihisi tu amemeza, hata kama anacheka na kucheza, usisubiri dalili na usimtapishe, ni hospitali saa hiyohiyo. Na ukiweza beba paketi ya hizo betri waone ni aina gani.

Tukiwa hapohapo, vile visumaku vidogo vyenye nguvu vikimezwa viwili vinavutana ndani ya utumbo na kuubana mpaka unatoboka, navyo ni hospitali moja kwa moja. Na maputo yakishapasuka okota vipande vyote, kipande cha puto kinaziba koo vibaya sana. Kwa wa chini ya miaka 3 kipimo rahisi ni lile bomba la katikati la tishu ya chooni, kitu kikipita humo ni kidogo mno kwake.

Kijana wangu wa miaka 6 kaniuliza kama Baba Krismasi ni wa kweli. Nimebabaika nikawasha katuni.

Hahaa, katuni imeokoa wengi. Akiuliza tena mrudishie, "we unaonaje?" Kama anasema nadhani yupo, basi bado anataka kucheza, muache acheze. Kama anakukazia macho anasema nadhani ni nyie, huyo ameshajua, ukiendelea kumpanga unajiharibia mwenyewe, kesho akikuuliza jambo zito hatakuamini.

Na una ukweli mzuri wa kumpa. Alikuwepo Nikolasi, askofu wa Myra, eneo ambalo sasa ni Uturuki, karne ya 4 huko, na sikukuu yake makanisa mengi wanaifanya 6 Desemba. Inasimuliwa kuwa kuna baba maskini alikuwa na mabinti watatu, Nikolasi akawa anawapelekea hela usiku kwa siri ili asijulikane. Mwambie sasa na wewe umekua, umeingia upande wa wanaotoa kwa siri, mchague mtu mmoja tumfanyie jambo asijue ni nani. Sharti moja, asiende kuwatangazia wadogo zake.

Ila wazazi naomba muache kumtumia huyo babu kama askari. "Usipokula hakuletei zawadi" halafu asubuhi zawadi ipo na chakula hakuliwa, mtoto anajua kuhesabu jamani.

Namwelezaje mtoto wa miaka 4 maana ya Krismasi bila kumhubiria?

Mpe pango la Krismasi, lile la kuzaliwa Yesu, na sanamu zisizovunjika azichezee, achana na lile la kuangalia kwa mbali. Mtakatifu Fransisko wa Asizi, yule mtawa, mwaka 1223 pale Greccio, Italia, alitaka watu waone kwa macho yao hali aliyozaliwa nayo Yesu, akaweka hori lenye nyasi na akaleta ng'ombe na punda wazima, hakuishia kusema tu. Mamajusi waanzie mbali, juu ya friji huko, kila siku mtoto awasogeze kidogo, wafike 6 Januari siku ya Epifania. Hapo na sikukuu yenyewe inarefuka. Akikuuliza walikuwa wangapi, Mathayo hajasema, katutajia zawadi tatu tu, dhahabu, ubani na manemane, kwahiyo akitaka kuwaweka watano sawa tu.

Kwetu mwaka jana mdogo alimfunika mtoto Yesu na soksi yake ya kijani maana "kuna baridi", na mlangoni akamweka dinosa alinde. Soksi ilikaa mpaka Januari. Dinosa naye alikaa.

Lazima amkumbatie kila mgeni? Mama mkwe anasema namdekeza.

Kusalimia ni lazima, kukumbatia si lazima. Mkono, kupunga, hata kugonga ngumi ni salamu. Mwambie mama kwa upole kabla wageni hawajajaa, sio mbele yao. Na usingizi wa mchana usiuruke, kelele nyingi za saa kumi jioni zinatoka hapo.

Mume wangu yuko zamu tarehe 24 mpaka 26. Tusherehekee bila yeye au tusogeze?

Sogezeni. Waethiopia na Wakopti, Wakristo wa kanisa la kale la Misri, wanasherehekea 7 Januari na ni Krismasi kamili, hakuna anayewaambia wamechelewa. Mtoto wa miaka miwili hajui kalenda, kwake Krismasi ni ile siku taa ziliwaka na baba alikuwa amekaa chini anahangaika kuunga treni. Tarehe 25 nendeni ibadani kama mnaenda, mle vizuri, mumpigie simu. Tarehe 27 akishalala usingizi wa kutosha, kumbuka akishalala, usimuamshe saa 12 asubuhi katoka zamu jamani, ndo mfungue vitu. Ila zawadi zifiche kweli, siku mbili ni nyingi kwa mtoto aliyeshajua kufungua kabati.