Jibu: Utafiti mmoja wa chuo kikuu unatosha?

Ndugu, umeuliza kama utafiti mmoja wa chuo kikuu unatosha kukufanya ubadili ratiba yako ya kulala. Hapana, usiharakishe. Mwaka 2015 watafiti walichapisha marudio ya tafiti 100 za saikolojia, yaani walizifanya upya kuona kama matokeo yatakuwa yale yale. Ni asilimia 36 tu ya marudio hayo yaliyotoa matokeo yenye uzito wa kitakwimu, yaani ambayo si rahisi kuwa ya bahati tu. Wanafizikia ni wagumu zaidi kuridhika, na nawaheshimu kwa hilo: chembe ndogo sana iitwayo Higgs ilitangazwa CERN, maabara kubwa ya fizikia Ulaya, mwaka 2012 baada ya timu mbili, ATLAS na CMS, kuiona kila moja kwa mtambo wake.

Kwenye afya, soma sehemu ya mbinu. Walishiriki watu wangapi, au walikuwa panya? Kulikuwa na kundi la kulinganisha, yaani wasiopewa kile kinachojaribiwa? Vichwa vya habari huwaficha panya, inaudhi sana. Weka kiungo cha utafiti huo hapa tuusome pamoja.