Ubani nautafuna, mafuta yake nimeshayaacha

Wiki hii mmeuliza ni dawa gani ya asili msomaji bado anaiamini na kwanini. Mimi ni ubani, ila naomba nieleze kidogo manake tunachanganya sana mambo.

Ubani ni utomvu wa miti ya jamii ya boswelia, inaota sehemu kavu za Somalia, Ethiopia, Sudan na milima ya Dhofar kule Oman, mchanjaji anakwangua gome kidogo yanatoka machozi meupe kama maziwa anayaacha kama wiki mbili yakauke ndo anarudi kuyabandua. Marehemu bibi alikuwa anautafuna, mwanzo unavunjikavunjika mdomoni na una uchungu halafu unashikana kama bigijii, anasema unasafisha kinywa na fizi. Waomani wao wanauloweka usiku kucha asubuhi wanakunywa yale maji kwa ajili ya tumbo.

Sasa mimi goti lilinisumbua, nikanunua kichupa cha mafuta ya ubani, muuzaji akaniapia yana asidi za boswelia zinazotuliza uvimbe, nikapaka miezi mitatu, kimya. Baadaye ndo nakuja kusoma kumbe zile asidi ni nzito hazipandi na mvuke wakati wa kukeneka mafuta, zinabaki kwenye utomvu! Yaani nilikuwa najipaka harufu. Na tafiti za magoti zilizoonyesha nafuu kiasi (nyingi ni ndogo tusidanganyane) walitumia dondoo la utomvu wenyewe, tena mara nyingi wa ile boswelia ya India.

Moshi wake naupenda, chetezo kikiwaka ndani raha tupu, lakini kumfukiza mtu mwenye pumu eti afungue kifua hapana jamani, moshi ni moshi.

Kinachoniuma ni miti yenyewe. Mwaka 2019 watafiti walionya kwamba ubani wa ile boswelia ya Ethiopia na Sudan unaweza kupungua nusu ndani ya miaka 20, miti mikubwa inachanjwa kupita kiasi na miche inaliwa na mifugo au inaungua moto kabla haijakua. Tangu nisome hiyo natafuna punje moja tu kwa siku, na kila nikinunua namuuliza muuzaji huu umetoka wapi, hakuna aliyewahi kunijibu zaidi ya "Uarabuni huko".