Majilio Nyumbani: Nani Hasikii?

Majilio, kipindi cha kujiandaa kwa Krismasi, huanza Jumapili iliyo karibu zaidi na tarehe 30 Novemba, na kila mwaka barua kuhusu unyenyekevu na utii huongezeka majira haya, wakati watoto wako likizo na nyumba imejaa. Nimechagua tano.

Binti yangu wa miaka 14 anauliza kwa nini mahubiri ya utii yakifika nyumbani, ni yeye anayeosha vyombo huku kaka yake akitazama mpira. Nimjibuje? (Mama, Nakuru)

Usimjibu kwa haraka, kwa maana ameuliza swali la haki. Sisi humwita mtoto mtiifu "msikivu", na mkaidi tunasema "hasikii", kana kwamba lugha yenyewe inajua kuwa utii huanzia masikioni kabla ya kufika mikononi. Bikira Maria alimsikiliza malaika, akauliza jambo hilo litakuwaje, akajibiwa, ndipo akakubali, wala hakukemewa kwa kuuliza. Zakaria naye aliuliza akafungwa ulimi, lakini Luka anaeleza sababu: hakuamini alichoambiwa. Binti yako hajakataa kazi. Anataka kujua kwa nini ni yake peke yake. Kwa hiyo mkabidhi kaka yake ile sufuria ya ugali yenye ukoko ulioganda, ailoweke kabla mpira haujaanza na kuisugua wakati wa mapumziko, kisha mpange zamu na kuzibandika ukutani, jina la baba likiwemo. Najua wapo watakaoniandikia kwamba mwanamume haingii jikoni. Waandike tu.

Nilimkaripia mwanangu mbele ya wageni kwa kosa ambalo baadaye niligundua hakulitenda. Nikimwomba msamaha, hatanidharau? (Baba, Kakamega)

Ndugu yangu, swali hili limenigusa kwa sababu nimewahi kusimama hapo ulipo. Disemba moja nilimtuhumu mwanangu kuwa amekula shilingi 200 za chenji alipotoka kusaga mahindi, nikasema maneno makali huku dada zake wakisikia, naye akanyamaza siku mbili nzima. Noti yenyewe nilikuja kuipata katika mfuko wa koti langu la Jumapili, imekunjwa ndani ya karatasi ya matangazo ya kanisa. Wazo la kwanza lililonijia, nakiri, lilikuwa kukaa kimya na kumnunulia soda. Nilimkuta uani akigeuzageuza mahindi yaliyoanikwa juu ya turubai, nikachutama kando yake nikamwambia, "Pesa nilikuwa nazo mimi. Nilikukosea." Hakuinua macho, alisema tu, "Sawa, baba," akaendelea kusambaza punje kwa kiganja. Baada ya kitambo akauliza, "Na wao utawaambia?"

Swali hilo ndilo ninalokupa wewe. Tuhuma ilikofika, msamaha nao ufike huko huko, kwa hiyo wapigie simu wageni wale, au subiri waje Krismasi useme mbele yao. Mtume Paulo, baada ya kuwaagiza watoto wawatii wazazi, anawageukia akina baba papo hapo na kuwaonya wasiwachokoze watoto wao (Waefeso 6:4), ingawa sisi wazazi tuna mazoea ya kuishia aya ya kwanza. Kuhusu dharau, mwanangu siku hizi hunisahihisha bila woga ninapokosea hesabu, na sioni kwamba nimepungukiwa na kitu.

Hatuna pesa za kununua taji la Majilio, lile duara la matawi lenye mishumaa minne. Tufanyeje? (Kijana, Kisumu)

Hamhitaji la kununua. Johann Hinrich Wichern, mchungaji wa Kilutheri wa Hamburg, alilibuni mwaka 1839 kwa ajili ya watoto maskini aliowalea, akitumia gurudumu la mkokoteni. Chukueni sahani pana, matawi ya msaiprasi na mishumaa minne ya kawaida ile ya stima ikipotea. Si lazima iwe ya zambarau na waridi. Ile mikubwa minne ya Wichern ilikuwa myeupe.

Mimi ni Mkatoliki, lakini mume wangu alilelewa katika Kanisa la Marafiki (Quakers) na haoni haja ya Majilio. Kumtii ni kuacha? (Mama, Vihiga)

Marafiki wamekuwapo Kaimosi tangu 1902, na kwa desturi yao ya asili hawakuupa uzito mwaka wa kiliturujia, kwa kuwa walishika kwamba kila siku ni ya Bwana. Hivyo haidharau imani yako. Mwulize kwanza, kisha umsikilize hadi mwisho, jinsi walivyokuwa wakiabudu utotoni mwake, halafu mwombe awaongoze katika dakika tano za kimya, kama ilivyo desturi ya asili ya Marafiki, kabla hujawasha mshumaa. Kwenda Misa ni kwako, naye hana sababu ya kukuzuia. Kumlazimisha akariri sala zako si kwako.

Mume wangu hunipiga. Wazee wananiambia Majilio ni wakati wa kunyenyekea, nivumilie. (Mama, Bungoma)

Hapana, dada yangu. Waliokuambia hivyo wamekosea. Sehemu ile ya Biblia inayonukuliwa kuwaambia wake wanyenyekee inaanza kwa kuwaagiza wote kunyenyekeana (Waefeso 5:21), na inamtaka mume ampende mkewe kama mwili wake mwenyewe. Yosefu, ambaye Mathayo hakuandika hata neno moja alilolitamka, alipoonywa kuwa mtoto anatafutwa auawe, aliondoka usiku na mama na mtoto akaenda Misri. Huo ndio uliokuwa utii wake. Sheria ya Kenya ya kuwalinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani imekuwapo tangu 2015. Ukiumizwa, nenda hospitali ili majeraha yaandikwe, kisha upige ripoti polisi na uombe fomu ya P3, ambayo daktari huijaza kueleza majeraha yako. Mweleze mtu mmoja unayemwamini katika jumuiya, asiye wa ukoo wa mume. Na leo, kabla hajarudi, weka mahali pamoja kitambulisho chako, kadi za kliniki za watoto na nauli ya kukufikisha kwenu.