Vetus: kwa nini "veterium" imekatwa

Ndugu, umeuliza kuhusu vetus, kivumishi cha Kilatini chenye maana ya "-a zamani": kwa nini mwalimu amekata kama makosa "veteri" (ablativu, umbo la "kwa" au "kutoka") na "veterium", na kama "vecchio" ("mzee") ya Kiitaliano imetokana nayo. Amekata kwa haki. Vitabu huweka vetus karibu na kivumishi felix ("mwenye bahati") kwa sababu nominativu (umbo la kiima) ya umoja ni moja kwa jinsia zote, lakini minyambuliko yake hufuata nomino kama genus, generis: ablativu vetere, jenetivu (umbo la umilikaji) ya wingi veterum, na vetera badala ya "veteria". Veteri iache kwa dativu (umbo la mpokeaji), ingawa washairi wachache wameitumia kama ablativu. Kikomo ("-a zamani kuliko zote") ni veterrimus. Kwa ulinganishi tumia vetustior.

Asili yake huhusishwa na etos ya Kigiriki, yaani mwaka.

Vecchio haikutoka moja kwa moja kwa vetus, na hapo ndipo wengi hupoteza alama. Ilipitia kidunishi (umbo la kudogosha) vetulus: u ikamezwa, tl ikageuka cl, ikawa veclus. Appendix Probi, orodha ya kale ya kusahihisha matamshi, inaonya kabisa: "vetulus non veclus". Humo ndimo zilimotoka vecchio, viejo ya Kihispania, velho ya Kireno, vieux ya Kifaransa na vechi ya Kiromania. Kwenye mtihani andika hatua zote tatu.