Jua likitoka kwenye mji wa mvua, bichi tuifaidi vipi?

SWALI: Habari za kazi dada. Naishi mji wa pwani ambao mvua ndo kawaida yake, kiangazi chenyewe miezi miwili mitatu na hata hapo mawingu hayaishi. Sasa jua likiwaka Jumamosi mji mzima uko bichi, pa kupaki gari hakuna, na sisi tukishafika tunakaa asubuhi mpaka jioni ili siku isipotee. Tunarudi tumeungua, watoto wanalia kwa uchovu, na maji ni ya baridi hayaogeleki. Hivi kuna namna ya kufaidi kweli au ndo tuzoee? Mama wa watatu

JIBU: Mama wa watatu pole sana, lakini tatizo naliona kwenye hiyo Jumamosi. Mnataka kiangazi chote kiingie siku moja. Mi nakushauri uache kusubiri siku iliyokamilika, uwe na begi liko tayari mlangoni, taulo, sweta, maji ya kunywa, nguo za kubadili za watoto, halafu jioni yoyote ya katikati ya wiki ukiona mbingu zimefunguka mnaondoka hata kwa masaa mawili tu. Huko mbali na ikweta jua la kiangazi linachelewa sana kuzama, sehemu nyingi ni karibu saa 3 usiku au hata zaidi, kwa hiyo mtu ukitoka kazini saa 11 bado una mchana mzuri mbele yako, watu wamepungua na jua halichomi tena. Sweta usiliache hata kama mchana kulikuwa na joto, upepo wa baharini unaanza kuvuma nchi kavu ikishapata moto na unaweza kuendelea mpaka jioni.

Kuhusu maji, bahari inachelewa kupata joto kuliko hewa. Kaskazini mwa ikweta maji yanafikia joto lake la juu mwezi wa 8 kuelekea wa 9, wakati wengi washaanza kuisahau bichi, kwa hiyo mwezi wa 6 siku inaweza kuwa ya moto kabisa na maji bado ya kuganda. Hapa naomba unisikilize vizuri: maji yakiwa chini ya nyuzi 15 mtu asijirushe, mwili unashtuka, pumzi inakatika na moyo unaenda mbio, na hata anayejua kuogelea anaweza kuzama kwenye dakika hizo za mwanzo. Ingieni taratibu, na ikitokea mtu kashtuka alale chali aelee mpaka pumzi irudi. Kama bichi yenu ni tambarare yenye mchanga mpana, angalia ratiba ya kupwa na kujaa, maji yakianza kujaa mchana juu ya mchanga uliopigwa na jua yanakuwa na uvuguvugu, na hapo kwenye kina kifupi ndo pa watoto.

Kuungua sasa. Mawingu yanadanganya watu wa miji ya mvua kuliko kitu chochote, mawingu mepesi yanaweza kupitisha mpaka asilimia 80 ya miale inayochoma ngozi, na ngozi yenyewe imefunikwa miezi yote ile. Losheni ya jua SPF 30 au zaidi, mnarudia kila masaa mawili na kila mkitoka majini, na kuanzia saa 4 asubuhi mpaka saa 10 jioni tafuteni kivuli.

SWALI: Mvua kubwa imenyesha usiku, asubuhi jua kali. Watoto waogelee?

JIBU: Hapana, subirini siku moja au mbili, na nasema hivi nikijua jinsi inavyouma kuwaambia watoto. Mvua kubwa inasomba uchafu wote wa barabarani kupitia mifereji mpaka baharini, na kwenye miji ya zamani ambayo maji ya mvua na ya vyooni yanapita bomba moja, likizidiwa linamwaga yote, hapo tumbo la kuhara na maambukizi ya masikio hayako mbali. Soma tangazo la ubora wa maji kama lipo, na kaeni mbali na mdomo wa mfereji hata siku kavu. Lakini bichi nendeni tu, mchanga uliolowa na mvua unajengeka vizuri kuliko mkavu, wape ndoo na koleo wajenge, wanawe mikono kabla ya kula.